Cha Mnadani Kikikugomea: Dalili, Chanzo na Dawa

Kabati langu la kwanza la mnadani lilikuwa la mvule, miguu inacheza, droo zimekaza, na rangi ya mafuta ya kijani imepakwa mpaka juu ya kitasa. Nililipeleka kwa mkokoteni hadi kwa seremala mmoja mzee kule Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Akalizunguka mara mbili, akaligonga ubavuni, akasema, "Hili halina ugonjwa wa uzee, mwanangu. Lina ugonjwa wa mafundi."

Tangu siku hiyo, nikiona kitu kikuukuu kimeharibika, swali langu la kwanza si kina miaka mingapi. Ni nani aliyekishika mwisho, na alikuwa na nini mkononi. Miaka sitini haitii msumari wa inchi nne kwenye mguu wa meza. Kwa hiyo haya yafuatayo nimeyapanga kwa dalili: unaona nini, kimesababishwa na nini, ufanye nini. Na usisahau mshirika wa pili wa huyo fundi, nao ni hewa yetu ya Mombasa, yenye unyevu na chumvi mwaka mzima.

Ukiwa bado mnadani

*Umeshinda bei, lakini unatembea kwenda kulipa moyo umeshuka.* Ulikadiria kitu, hukukadiria kazi. Msasa, spiriti, bawaba, mkokoteni au pikapu, siku mbili tatu za seremala: hivyo vyote ni bei ya kitu. Mimi kitu ambacho kikiwa kizima ningekitolea shilingi 8,000, mnadani nasimama kwenye 4,000, na namba hiyo naiandika kiganjani kabla dalali hajafungua mdomo. Kama umepandisha na ukajuta papo hapo, jua kwamba sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa inakuruhusu kuiondoa bei yako wakati wowote kabla nyundo haijagonga. Ikishagonga, ni chako na kasoro zake. Sheria hiyohiyo inamkataza mwenye mali kujipandishia bei kisirisiri, yeye au mtu wake, bila watu kutangaziwa kwamba ana haki hiyo. Ukithibitisha kwamba hilo limefanyika, una haki ya kuuhesabu mnada huo kuwa wa hila.

*Wauza samani wa kila siku wamekunja mikono, wewe peke yako unapandisha.* Ama wamekubaliana wenyewe kwa wenyewe, ama wameona kitu ambacho wewe hujakiona. Mara nyingi ni hili la pili. Siku ya kukagua nenda na tochi, sumaku ndogo na kitambaa cheupe. Geuza kitu chini juu. Uso wa meza hupakwa polishi kwa ajili ya mnunuzi, tumbo lake hakuna anayejisumbua nalo, na ukweli wote uko huko.

*Ulichokagua sicho ulichokabidhiwa.* Funguo hazipo, kioo cha taa hakipo, kile kikopo cha bobini cha cherehani hakipo. Kati ya siku ya kukagua na siku ya kulipa mikono mingi imepita. Piga picha kila sehemu inayochomoka, na namba ya loti, yaani ya fungu linalonadiwa, ionekane kwenye picha. Hakikisha namba hiyo iko pia kwenye risiti.

*Kwenye loti kuna mlango wa nakshi, au kiti cha enzi chenye vipande vyeupe vilivyopachikwa.* Hapa punguza mwendo. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inauhesabu mlango au fremu ya nakshi ya Kiafrika au ya mashariki iliyochongwa kabla ya 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 navyo ni vya kale kisheria. Si vitu vya kupakia kwenye pikapu usiku. Uliza kwanza kwenye ofisi za Makavazi ya Taifa pale Fort Jesus. Na vile vipande vyeupe vinaweza kuwa mfupa, vinaweza kuwa pembe ya ndovu. Pembe bila kibali ni kosa kubwa hata kama kiti kilikuwa cha babu yake babu yako. Mimi nikiwa na shaka, nakiacha.

*Kabati limefika, haliingii mlangoni.* Ngazi za nyumba za Mji wa Kale hazikujengwa kwa ajili ya kabati la Kiingereza. Lakini makabati mengi ya zamani yameundwa kwa vipande: taji la juu huinuka, milango huchomoka kwenye bawaba, ubavu umeshikwa na kabari. Tafuta kabari kabla hujatafuta msumeno. Kama haliachani, ni kwa sababu kuna mtu alilipigilia misumari. Unaona tumerudi wapi.

Mbao

*Droo zimekaza.* Hii ndiyo dalili inayowafanya watu waharibu kitu kizuri kuliko zote. Mbao hunywa unyevu na kutanuka upande wa upana, si urefu. Kitu kilichokaa miaka Nairobi, kwenye hewa kavu, kikiletwa Pwani mwezi wa Mei katikati ya masika, kitavimba tu. Ukipiga randa siku hiyo, kaskazi ikifika Januari droo itacheza kama jino la mtoto. Kwa hiyo kiache chumbani wiki tatu, kitoke mbali na ukuta kipate hewa nyuma. Toa droo zote, zisimamishe. Kisha paka mshumaa kwenye njia zake, chini na pembeni. Mara nyingi yanaishia hapo. Kama haijaisha, angalia kama njia yenyewe imelika upande mmoja. Droo inayobana kwa sababu imelala upande haihitaji kupunguzwa, inahitaji kuongezwa kipande cha mbao pale palipolika.

*Miguu inacheza, viungo vinalia.* Samani za zamani ziligundishwa kwa gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa. Ni gundi nzuri, ila haipendi joto na unyevu kwa pamoja, na sisi tunaishi ndani ya joto na unyevu kwa pamoja. Ikilegea, mwenye nyumba humimina gundi nyeupe juu yake. Haishiki, kwa sababu gundi mpya haiingii ndani ya mbao, imelala juu ya ile ya zamani. Akiona haishiki, ndipo anapoleta msumari, msumari unapasua ulimi wa kiungo, na sasa una magonjwa matatu badala ya moja.

Dawa ni kurudi nyuma. Toa misumari kwa koleo, taratibu, ukiweka kipande cha mbao chini ya koleo. Weka tone la maji ya moto kwenye kiungo. Kikinata kidoleni, hiyo ni gundi ya ngozi, na itaachia kwa maji moto yenye siki kidogo. Fungua kiungo, kwangua mpaka uione mbao tupu, kausha siku mbili, kisha gundisha upya na ufunge kwa kamba uliyoisokota kwa kijiti mpaka ikaze. Palipopasuliwa na msumari, ziba kwa kijiti cha mbao ileile. Kitanda cha kamba kinacholia ni kesi tofauti. Angalia tendegu (mguu wa kitanda) linapopokea mfumbati (mti wa ubavuni), kama tundu limepanuka funga kabari nyembamba, halafu kiwambwe upya. Kamba iliyolegea huuacha mfumbati ukapinda kila mtu akigeuka usiku, na kelele inatoka hapo, si kwenye kamba.

*Wingu jeupe juu ya meza.* Kuna anayeweka kikombe cha chai, kuna anayeacha dirisha wazi usiku wa mvua, asubuhi meza ina ukungu. Kwanza ujue imepakwa nini. Lowesha pamba kwa spiriti kidogo, gusa mahali pasipoonekana. Ikinata na kuacha rangi kwenye pamba, ni polishi ya lakiri, ile mafundi wanayoiyeyusha kwa spiriti. Hapo umebahatika, maana unyevu umenaswa ndani ya polishi tu. Chagua siku kavu, kitambaa kiguswe spiriti kiasi cha kukaribia kuwa kikavu, pitisha haraka mara moja moja bila kusimama. Ukisimama, umetoboa. Kama spiriti haifanyi kitu, ni vanishi ya kisasa, na wingu lake kwa kawaida halitoki ila kwa msasa mwembamba na koti jipya. Alama nyeusi ni habari nyingine. Hizo ni chuma kilichokutana na mbao mbichi yenye maji: msumari, kopo la maua. Msasa hauzifikii, zimezama.

*Kuna unga chini ya sanduku.* Ni fukusi. Swali ni kama yungali hai au ameshaondoka zamani. Futa unga wote, weka karatasi nyeusi chini, subiri wiki mbili. Unga mweupe mpya ukianguka, yumo. Kama haukuanguka, matundu hayo ni makaburi, yaache au yazibe kwa nta. Fukusi hupenda ile mbao nyeupe ya nje ya gogo. Kiini cha mvule au msaji humshinda, ndiyo maana utakuta sanduku zima limesimama imara na ubao mmoja wa mgongoni umebunguliwa. Huo uliongezwa na mtu. Ubadilishe tu. Mchwa ni rahisi kumtambua kwani huacha njia za udongo, na ukimwona kwenye kitu, mkague ukutani kwako pia.

Kwa vitu vikubwa tumia dawa ya mbao ya dukani, ipigwe kwa sindano kwenye matundu, nje ya nyumba. Lakini mbuzi ya kukunia nazi, kinu, mchi, mwiko, usivitie dawa kabisa. Hivyo vifunge ndani ya nailoni nyeusi, uviweke juani kwenye bati la paa saa za mchana, siku kadhaa mfululizo. Mdudu hufa joto la ndani ya mbao likifika nyuzi 55 hivi na kukaa, na bati la Mombasa mwezi wa Februari halikopeshi joto.

*Rangi ya mafuta juu ya nakshi.* Hapa nina ugomvi binafsi, nitajizuia. Rangi kuukuu inaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, kwa hiyo usiipige msasa mkavu wala kuichoma moto, hasa penye watoto. Tumia dawa ya kuondolea rangi na brashi ngumu, fanya kazi nje, takataka zikusanywe kwenye gazeti. Usitumie magadi makali. Huifanya mvule kuwa nyeusi kama iliyoungua. Sehemu bapa, kipande cha kioo kilichovunjwa kikashikwa kwa kitambaa hukwangua kuliko msasa, mafundi wetu wanajua. Na ukiona mvule imekuvunjia makali ya patasi usimlaumu aliyekuuzia patasi: mvule ina vijiwe ndani yake, vigumu kama chokaa iliyoganda, kwa sababu ndivyo vilivyo.

*"Mpingo" unaoacha weusi mkononi.* Si mpingo. Mpingo ni mzito hata unazama majini.

Shaba na chuma

*Umesugua sinia likang'aa, wiki ya pili limekufa.* Kwanza sumaku. Ikishika, ni chuma kilichopakwa shaba, na kila unavyosugua unakaribia chuma. Isiposhika, tazama kama mng'ao umekufa kwa mabaka. Mabaka ni vanishi ya zamani iliyobanduka sehemu sehemu. Itoe yote kwa thina kabla hujaanza. Kama limefifia sawasawa, tatizo ni chumvi uliyoiacha wewe mwenyewe. Ndimu na chumvi, au ukwaju, vinang'arisha kweli, lakini ukiviacha vikalala, sinia la manjano linageuka la waridi: umeila zinki yake. Dakika chache, kisha sabuni na maji. Na maji hayo yawe ya mvua au ya mfereji. Visima vingi vya kisiwani ni vya maji ya chumvi, na ukisuuza shaba kwa maji hayo umeanza upya kabla hujamaliza. Futa ikauke kabisa, paka nta nyembamba. Deli la kahawa na mrashi hunusurika mwaka mzima kwa namna hii.

*Sufuria ya shaba nyekundu, ndani pamekuwa pekundu.* Bati lililopakwa ndani limekwisha. Usiipikie, hasa chochote chenye ndimu, ukwaju au nyanya. Mpaka itiwe bati upya, ni ya kupambia. Ikishatiwa, usiibandike motoni ikiwa tupu, maana bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, na jiko la mkaa hufika huko bila kujitahidi. Wala usiisugue kwa steelwool.

Sahani za kauri, gonga kwa ukucha tu. Nzima hulia kama kengele ndogo, yenye ufa husema "kop". Za kale zenye rangi juu ya ung'avu zirudishe zilikokuwa zamani, kwenye kidaka ukutani, si mezani.

Cherehani

Kila mnada una Singer nyeusi moja angalau, na mimi siwezi kuipita. Kama namba yake ubavuni inaanza kwa herufi, ni ya mwaka 1900 au baadaye. Nyingi zilitoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa 1980. Uzuri wake ni kwamba karibu hazifi. Huzibwa tu.

*Haizunguki kabisa.* Mtu aliitia mafuta ya kupikia. Hayo hukauka yakawa gundi. Tia mafuta ya taa matone mawili kila tundu la mafuta na kila chuma kinapokutana na chuma, mbele, chini na nyuma ya kile kifuniko cha duara. Iache usiku kucha. Asubuhi zungusha gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, bila kulazimisha. Rudia. Ikilegea futa uchafu wote mweusi, kisha tia mafuta ya cherehani, hayohayo tu. Mafuta ya taa ni ya kuoshea, hayalainishi. Ukiishia hapo, chuma kitalana.

*Gurudumu linazunguka, sindano imesimama.* Wengi huuza mashine kwa sababu hii wakidhani imevunjika. Ile nati kubwa katikati ya gurudumu imelegezwa, kama inavyolegezwa wakati wa kujaza bobini. Ikaze. Ikikazwa na bado haishiki, ifungue. Ndani kuna washa yenye masikio, imerudishwa kinyume. Igeuze nusu duara. Niliwahi kununua mashine nzima kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya washa hiyo, na sijatubu.

*Inaruka mishono.* Sindano. Ama si ya mashine hiyo, ama upande wake bapa umeelekezwa siko, ama imepinda. Badilisha sindano kabla hujagusa kitu kingine chochote.

*Uzi unafanya kiota chini ya kitambaa.* Kinyume na unavyoona, kosa liko juu. Uzi wa juu haukuingia kati ya visahani vya kubania. Inua ule mguu unaokandamiza kitambaa, pitisha uzi upya tangu mwanzo.

Kwa mashine za zamani zaidi, bobini ni ndefu kama kijiti na hukaa ndani ya kikopo chenye umbo la dau. Fungua kibati uone kama kikopo kipo kabla ya kupandisha bei.

Vya umeme

Kanuni yangu ni moja: hakichomekwi siku ya kununuliwa. Waya za zamani zilizovikwa kitambaa na mpira hukauka na kumenyeka, na ndani ya ganda la plastiki huwezi kuona. Soma kibandiko: umeme wetu ni volti 240, na kitu kilicholetwa kutoka Marekani cha volti 120 kitaungua mbele ya macho yako. Fundi makini atakijaribu kwanza kupitia balbu ya waya, ile ya zamani inayotoa joto, iliyoungwa kwenye mstari mmoja nacho. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti. Redio za valvu ziache kwa anayezijua, maana hubaki na umeme ndani hata baada ya kuchomolewa.

*Feni inanguruma haizunguki, ukiisukuma kwa kijiti inaendelea.* Kapasita, kile kikopo kinachoipa mota msukumo wa kuanza. Ni ya bei ndogo. Kama hata ikisukumwa inasimama, ni beringi zilizoliwa na chumvi.

Saa ya ukutani

*Inakwenda dakika tano, inasimama.* Usiseme "imekazwa sana", saa haifi kwa kukazwa. Sikiliza sauti yake. Inatakiwa iwe sawa: tik, tak, tik, tak. Ikiwa tik-tak… tik-tak…, inachechemea kwa sababu imekaa upande. Kuta za Mji wa Kale ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na hakuna hata moja iliyonyooka. Ukiinyoosha saa kwa kufuata ukuta, umeipindisha. Funga macho, sogeza sanduku lake kushoto au kulia kidogo kidogo mpaka sauti isawazike, ndipo utie alama. Ikichelewa, pandisha nati iliyo chini ya ule mzani unaobembea, ikikimbia, ishushe.

Kila kitu kimetengemaa, ila kinanuka

Kabati linafunguka vizuri, linapendeza, na nguo zinatoka humo na harufu ya ghala. Hiyo ni kuvu, na bado iko hai kwenye mbao za mgongoni ambazo hazikuwahi kupakwa chochote. Futa ndani yote kwa siki, milango ikae wazi kwenye jua la asubuhi siku tatu, kisha paka koti jembamba la lakiri ndani, mgongoni na chini ya rafu, kule ambako hakuna aliyewahi kupaka. Weka bakuli la mkaa ndani kwa wiki, na kabati liwe kiganja kimoja mbali na ukuta. Mama yangu huleta chetezo na udi mapema mno, siku ya kwanza, na kwa siku mbili nyumba nzima hunukia arusi, halafu kuvu hurudi. Sasa tumekubaliana: udi unaingia wiki ya pili, nikishanusa mwenyewe rafu ya chini.